Tumbo Halijui Dawa

Benchi liko chini ya dirisha la chumba changu cha mbele, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya fundi baiskeli, na hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa ya kuliweka hapo. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali. Muuza kahawa hutua jiko lake saa kumi jioni, na kuanzia hapo hakuna kimya mpaka birika liishe. Nimelea watoto watatu nikilisikiliza benchi hilo kupitia wavu wa dirisha. Wenyewe husema wanazungumza; mimi naona wanapokezana kukosea. Lakini nikirudi kazini miguu yangu haivuki kizingiti bila kupumzika kwanza, kwa hiyo nami hukaa. Kikombe kimoja, robo saa, halafu naingia kupika.

Kinyozi tunamwita Wembe. Ana methali nyingi kuliko wateja, na karibu zote huzipachika pasipo pake. Fundi baiskeli ni Spoku, mwembamba kama jina lake, vidole vyeusi kwa grisi. Gia ni kaka yangu mkubwa, baba mmoja mama mmoja, dereva wa lori kwa miaka thelathini na miwili, sasa amestaafu na anaendesha watu kwa mdomo. Mimi wananiita Mama Maabara kwa sababu nafanya kazi kwenye maabara ya chuo. Nikipita na koti langu jeupe, majirani hudhani ninachunguza magonjwa. Ninaosha vyombo.

Jioni hiyo nilikaa na karatasi ya kliniki mkononi. Kaka ana ugonjwa wa sukari. Vidonge vilishindwa, na miezi miwili iliyopita nesi alimwanzishia sindano ya insulini, mara moja kila jioni. Alianza na yuniti kumi. Sukari haikushuka, akapandisha kumi na sita. Haikushuka, akapandisha ishirini na mbili. Wakati huohuo kidole gumba cha mguu wake wa kulia kilipata kidonda kidogo kama punje ya mahindi, na kidonda kile kilikuwa na wiki ya sita bila kufunga. Karatasi ilisema Jumatatu aonwe na daktari wa upasuaji.

Kaka hana friji. Mimi ninayo, kwa hiyo kichupa cha dawa hukaa kwangu, kwenye mlango wa friji, jirani na mayai. Kila jioni huchukua kichupa na bomba la sindano, hushika kikombe chake cha kahawa mkono wa pili, huingia nyuma ya pazia la Wembe, na baada ya dakika mbili hutoka. Dawa kwenye kichupa ilikuwa inapungua sawasawa. Ndiyo maana nilikuwa nimeshajihukumu. Umeme wetu hukatika, friji yangu mpira wake umelegea. Niliona dawa imeharibikia kwangu, na kaka yangu atakatwa kidole kwa sababu ya friji yangu.

— Sukari kumi na tisa, nikawasomea. Wiki iliyopita ilikuwa kumi na nane.

— Inabadilisha gia, akasema Wembe.

Hakuna aliyecheka. Kaka alivuta mguu wake chini ya benchi.

— Nisikilizeni, Wembe akaendelea. Tatizo ni damu. Wahenga walisema, damu nzito kuliko maji. Dawa yenyewe ni nini? Maji. Sasa maji yatapenyaje kwenye kitu kizito?

— Methali hiyo ni ya undugu, akasema Spoku.

— Undugu si damu?

— Ni damu.

— Basi umenikubali.

Muuza kahawa akapuliza jiko lake.

— Mimi naona ni baridi. Dawa inatolewa kwenye friji imelala. Inaingia mwilini inaendelea na usingizi wake.

Nikakunja karatasi ya kliniki. Lakini kaka akadakia haraka, haraka kuliko kawaida yake.

— Friji ya dada yangu haina kosa. Iacheni friji.

— Basi kosa ni lako, akasema Wembe. Umezoea safari ndefu. Dawa nayo ikiingia kwako inakwenda moja kwa moja hadi unyayoni, inageuza, inarudi, haishushi mzigo popote. Au tufanye hivi: dawa ya moto ni moto. Kwa hiyo dawa ya sukari...

— Usimalize, nikamwambia.

Akanywa kahawa yake. Kaka akajikohoza, kama afanyavyo akitaka kuanza hotuba.

— Mimi naomba kuuliza jambo moja, na msinijibu kwa methali. Kwa nini sindano? Lori langu, dizeli nilitia kwenye tanki. Tanki linapeleka kwenye bomba, bomba linapeleka kwenye injini. Sijawahi kuona fundi anaitoboa injini ili aipe dizeli. Dawa ya presha ni kidonge. Ya minyoo ni kidonge. Ya kichwa ni kidonge. Hii ina kiburi gani mpaka itake mlango wake peke yake?

— Hapo amesema, akasema Wembe.

— Daktari anajua kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, akasema muuza kahawa. Akishazoea kuchoma ataacha?

— Hiyo methali nilikuwa nimeiweka akiba mimi! akalalamika Wembe.

Kwa kawaida hapo ndipo ninaponyanyuka. Lakini swali la kaka nilikuwa najua jibu lake, na nilikuwa nimelipata kwa jasho langu. Kwenye maabara yetu yuko mwanamke mmoja, daktari wa kusoma, si wa kutibu. Mimi namwita Daktari wa Vyura. Hupenda kuongea peke yake akifanya kazi, na mtu akiongea peke yake miaka saba huku wewe unaosha mirija yake, utajifunza tu, utake usitake.

— Ni kwa sababu ile dawa ni mnyororo, nikasema.

— Mnyororo wa nini? akauliza Spoku. Neno hilo lilimwamsha.

— Lete mnyororo mmoja nikuonyeshe.

Akaingia karakanani, akarudi na mnyororo mkuukuu wa baiskeli, unaning'inia kama nyoka aliyekufa. Akautandaza juu ya magoti yake. Nikautumia kueleza kama Daktari wa Vyura alivyonieleza siku niliyomuuliza anatafuta nini miaka yote hiyo. Nyama, maziwa, yai, msuli wako, kucha yako, vyote ni minyororo. Pingili zake ni za aina ishirini tu, lakini ukizipanga kwa mpangilio huu unapata kitu hiki, ukizipanga vile unapata kingine kabisa. Minyororo mirefu inaitwa protini. Mifupi inaitwa peptidi. Na katika ile mifupi, imo ambayo mwili unaitumia kutumana. Mmoja unakwenda kuuambia mwili kwamba umeshiba. Mwingine unaliambia tumbo la uzazi la mama lianze kusukuma mtoto.

— Kwa hiyo ni tarishi, akasema kaka.

— Ni tarishi. Insulini nayo ni tarishi. Kazi yake ni kwenda kugonga mlango wa kila chumba mwilini, kusema: fungueni, sukari imefika, ipokeeni. Kongosho lako limeacha kutuma matarishi wa kutosha. Sukari inabaki barabarani, inaharibu barabara.

— Ina pingili ngapi, hiyo insulini? akauliza Spoku.

— Hamsini na moja. Vipande viwili vimefungwa pamoja.

Spoku akautazama mnyororo magotini mwake. Akaanza kuhesabu kwa kidole, akaacha.

— Hamsini na moja, na inaendesha mwili mzima wa Gia? Baiskeli peke yake inataka mia na kumi na nne!

— Na unene wangu huu, akasema kaka.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, akasema Spoku taratibu, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo benchi likaitikia kwa kichwa pamoja. Yeyote aliyeiunda hiyo, mimi namvulia kofia.

— Na wanaitoa wapi hiyo ya kichupa? akauliza muuza kahawa.

— Zamani waliitoa kwenye makongosho ya wanyama wa kuchinjwa. Siku hizi wanavifundisha vijidudu viitengeneze. Na wengine wanatumia hamira.

Wembe akaruka kama aliyekalia moto.

— Hamira! Hamira hii ya mkate?

— Ndugu yake.

— Gia! Umepona! Kumbe dawa imo kwenye mkate! Kula mkate, bwana. Kula asubuhi, kula mchana...

— Mkate ndio unaompandisha! nikasema kwa sauti iliyowaleta watoto dirishani. Hamira mpaka ifundishwe kazi hiyo. Ya dukani haijafundishwa kitu. Wembe, ukimpa mkate nitakunyoa kwa mashine yako mwenyewe.

— Basi nimeacha. Ila wangeandika kwenye paketi.

Nikawaeleza kuhusu mjusi mmoja wa jangwani, mnene, mvivu, anayekula mara chache kwa mwaka. Watu walisoma mate yake wakakuta mnyororo unaosaidia kongosho lifanye kazi vizuri, na kutoka kwenye mate ya mjusi ikapatikana sindano ya sukari. Muuza kahawa akasema yeye tangu utotoni alikuwa anaua mijusi na sasa anajiona kama mchoma maktaba. Halafu wakataka kusikia habari za vyura, kwa hiyo nikawapa.

— Chura anaishi kwenye maji machafu, nikasema. Anakwaruzwa, anaumwa na wenzake, na haozi. Kwa nini? Ngozi yake inatoa ute, na ndani ya ute kuna minyororo mifupi inayotoboa vijidudu. Daktari wetu ameushika mmoja, pingili ishirini na tatu. Kwenye kisahani cha kioo unaua vijidudu vya vidonda ambavyo dawa nyingine zimeshindwa.

Kaka akainua kichwa.

— Vya vidonda?

— Vya vidonda. Lakini bado, kaka. Kwenye kisahani tu. Ukiuweka kwenye damu, damu inaukatakata. Sasa yeye anabadilisha pingili moja, anajaribu. Anabadilisha nyingine, anajaribu. Ukibadilisha hii unakufa nguvu. Ukibadilisha ile unaanza kuua hata chembe za damu yenyewe. Miaka saba.

— Samaki mkunje angali mbichi, akasema Wembe.

— Hiyo inahusianaje?

— Si anaukunja?

Cha ajabu, kweli mnyororo lazima ujikunje kwa umbo lake ndipo ufanye kazi, lakini sikumwambia. Angelala na ushindi. Niliwaambia jambo jingine. Mwezi uliopita niliingia chumba cha Daktari wa Vyura na ndoo yangu, nikamkuta amekaa sakafuni, amevua viatu, ameegemea kabati. Akaniambia, mama, umeishi saa mbili. Mnyororo wake ulikuwa unadumu dakika kumi kwenye damu, na siku hiyo ulidumu saa mbili. Alinitazama kama mtu aliyejifungua.

— Ukamwambiaje? akauliza Spoku.

— Nilimwambia asogee nipige deki.

Wakacheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Lakini nilipokuwa napiga deki ile niliwaza kwamba mimi nimeosha visahani vya mwanamke yule kwa maelfu, kila kimoja jibu la hapana, na kesho yake alikuwa anachukua kingine kisafi bila kununa. Sijui kama mimi ningeweza. Mimi chungu kikiungua mara mbili nakitupa.

— Hujajibu, akasema kaka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Kwa nini sindano?

— Hilo ndilo ninalolijibu. Spoku, una mkasi wa kukatia mnyororo?

— Kuna kibanio cha kufungulia pingili.

— Tumbo lina vibanio vya aina hiyo kwa mamilioni, na maji makali juu yake. Kazi ya tumbo ni hiyo, kufungua minyororo. Nyama ikiingia, inafunguliwa pingili moja moja. Yai likiingia, hivyohivyo. Na insulini ikiingia mdomoni, tumbo halisimami kuuliza, samahani, wewe ni dawa au ni nyama? Tumbo halijui dawa. Linaona mnyororo, linafungua. Ndiyo maana inachomwa chini ya ngozi, ipite pembeni, isikutane na vibanio.

— Kidonge cha presha mbona kinapita? akauliza Wembe.

— Hicho si mnyororo. Ni kitu kidogo, kigumu, tumbo halina pa kukishika.

Spoku alikuwa amechomoa pini moja kwenye mnyororo wake. Ukaanguka vipande viwili, kimoja kwenye goti, kingine chini.

— Mnyororo uliofunguka haumbebi mtu, akasema.

Kaka alikuwa ameshika kikombe chake kwa mikono miwili. Akakiweka chini, kwenye tofali, kwa uangalifu kama kimejaa, na kilikuwa kitupu.

— Tuseme, akasema, tuseme kuna mtu. Si hapa. Mtu mwingine. Akainywa kwa bahati mbaya. Ile dozi yake yote.

— Atakuwa amekula kipande cha nyama kidogo kuliko jicho la sisimizi, nikasema. Na hana dawa.

— Hata kidogo?

— Hata kidogo.

Hapo ningetakiwa kuelewa. Mtu aliyelala vya kutosha angeelewa. Lakini mimi nilikuwa nawaza maharage niliyoyaloweka, na wakati huohuo akaja mteja wa Spoku, mwanamke wa makamo, mwalimu wa shule ya msingi, vumbi la chaki kwenye mikono ya blauzi. Alikuwa anasukuma baiskeli yenye gurudumu la nyuma lililokaa chini kabisa bila upepo. Akamwamkia kaka shikamoo, sisi wengine habari za jioni, akampa Spoku baiskeli. Spoku akaipindua pale pale mbele ya benchi akaanza kutoa tairi. Wembe akamsogezea mgeni nafasi, muuza kahawa akammiminia.

— Samahani, akasema mwalimu baada ya kunywa kidogo. Nilipokuwa nakuja nimesikia mnataja insulini. Nani anatumia?

— Huyu kaka yangu, nikasema. Miezi miwili. Lakini haimsaidii.

— Pole sana mzee. Mimi ni mwaka wangu wa tisa.

Sote tukamgeukia. Hakuwa na dalili yoyote. Alikuwa na miguu miwili iliyopiga pedali kutwa.

— Miaka tisa unajichoma? akauliza Wembe.

— Asubuhi kabla ya kwenda shule, na jioni. Mwanzoni nililia wiki nzima. Sasa hata simu ikiita napokea. Shida yangu ni moja tu, nimezoea upande mmoja wa tumbo, umefanya vinundu, dawa haiingii vizuri. Nesi ananiambia nihamehame. Akamgeukia kaka kwa adabu, kama mtu anayemuuliza mwenzake wa safari. Wewe mzee unachoma wapi?

Kaka akakiokota tena kikombe chake kitupu.

— Anachomea kwangu, akasema Wembe. Nyuma ya pazia.

— Nauliza sehemu ya mwili.

Kaka akautazama mkono wake wa kushoto. Akalitazama paja. Akashika tumbo, upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayetafuta funguo mifukoni na anajua kabisa amezisahau nyumbani. Kijiwe kizima kilimtazama. Watu wenye jibu la kila kitu, tangu mate ya mjusi mpaka uzito wa damu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nalo hilo. Nami sikuwa nalo. Miezi miwili nimepima dawa kwenye kichupa kwa jicho, sijawahi kuuliza inakwenda wapi.

— Kwenye kahawa, akasema kaka.

Spoku akaacha tairi.

— Nilipima sawasawa, kaka akasema, sasa akinitazama mimi. Dada, wallahi hata tone halikuzidi. Nesi alivyosema kumi nilitia kumi. Alivyosema ishirini na mbili nilitia ishirini na mbili. Nikakoroga. Nikaona, tanki ni tanki, itafika tu.

Nilitamani kuvua kandambili nimpige nayo, mzee mzima, mbele ya watu. Na chini ya hasira hiyo nilihisi kitu kinanitoka mabegani, kwa sababu friji yangu ilikuwa safi. Naona aibu kusema lipi lilikuja kwanza.

— Kwa nini hukuniambia unaogopa sindano?

— Siogopi sindano. Akautazama mguu wake. Baba alianza sindano mwezi wa tatu. Mwezi wa sita tulimzika.

— Baba alianza sindano mguu ukiwa umeshaoza, nikamwambia. Miaka mitano aliambiwa aanze, akakataa. Wewe ulikuwa safarini, mimi nilikuwa nauosha mguu ule. Sindano haikumuua, kaka. Ilimkuta amechelewa.

Akainamisha kichwa. Wembe alifungua mdomo, akaufunga, na hilo ni jambo ambalo sijaliona tena.

— Tuache ya nyuma, akasema mwalimu. Leo umeshainywa?

— Bado.

— Vizuri. Na dozi imefikia ngapi?

— Ishirini na mbili.

Nikamwona uso umebadilika.

— Usimpe hiyo ishirini na mbili, akaniambia. Ilipandishwa kwa sababu ilikuwa inapotea. Ikiingia yote kweli, leo leo, sukari inaweza kushuka ghafla imwangushe vibaya. Una namba ya nesi?

Nilikuwa nayo. Nikampigia nikiwa nimesimama katikati ya benchi na tairi. Nikamweleza.

— Kwenye kahawa? akauliza nesi.

— Kwenye kahawa.

— Ya moto?

— Inachemka.

Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu akawa nesi tena. Arudi kwenye kumi ya mwanzo. Achome leo, ale chakula chake cha jioni kama kawaida, asilale njaa. Akitetemeka au akitoka jasho jembamba, apewe maji ya sukari mara moja, na yeye nesi apigiwe simu. Kesho asubuhi apimwe. Na Jumatatu aende vilevile, kidole ni lazima kionwe.

— Watakikata? nikauliza, nimewapa wenzangu mgongo.

— Sijui, mama. Ila kidole ambacho sukari yake inashuka kina nafasi. Kile cha jana hakikuwa nayo.

Nikaenda kutoa kichupa. Mayai mawili yalikuwa yamebaki, nikakumbuka bado sijapika. Niliporudi mwalimu alikuwa ameshamnawisha kaka mikono kwa maji ya muuza kahawa, na Wembe amelichomoa pazia la kibanda chake, amelishikilia kama ukuta, ili wapita njia wasione tumbo la mzee mwenzake.

— Nakuelekeza, mwalimu akamwambia, lakini utachoma mwenyewe. Mimi leo nipo, kesho sipo. Bana ngozi hapa, pembeni ya kitovu, vidole vinne mbali. Hivyo. Usichungulie kama mwizi, ingiza tu.

Mkono wa kaka, mkono ule uliorudisha lori nyuma kwenye madaraja, ulikawia juu ya ngozi. Akaingiza. Akasukuma. Akabaki ameishika, macho amefumba, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza, halafu akatoa.

— Mbu wa kwangu ana nguvu zaidi, akasema.

Wembe akashusha pazia.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Tukamtazama.

— Mbona mnanitazama?

— Umepatia, akasema Spoku. Leo umepatia.

Akarudi kwenye baiskeli, akamaliza kuziba pancha, akajaza upepo, akaigeuza ikasimama kwa magurudumu yake. Mwalimu alibonyeza tairi kwa kidole gumba, akabana breki zote mbili, zikashika vizuri. Akatushukuru kwa kahawa.

— Kesho unapita hapa? kaka akamuuliza. Aliuliza akitazama chini, akifunga bomba la sindano ndani ya kitambaa, akilifungua, akilifunga tena.

— Kwa kweli mimi hupita barabara ya juu, mzee, ni karibu na shule. Leo pancha ndiyo imenileta. Lakini utaweza. Umeweza.

— Ndiyo, akasema kaka. Nitaweza.

Hakuna aliyemwamini, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutojiamini. Kesho mimi nitakuwa natoka kazini, nimechoka, na pazia la Wembe litakuwa limerudishwa mahali pake.

Spoku akafuta mikono yake kwenye suruali. Akachuchumaa, akalinyanyua gurudumu la nyuma, akalizungusha kwa nguvu, akabana breki. Gurudumu likasimama papo hapo. Akalizungusha tena. Likasimama tena.

— Mwalimu, hii breki siipendi, akasema. Ilete kesho.

Mwalimu akalitazama gurudumu. Akamtazama Spoku, halafu akamtazama kaka na kitambaa chake.

— Saa ngapi?

— Saa kumi na mbili kasoro, nikasema mimi. Kabla hajala.

— Na keshokutwa, akasema Spoku, tutaangalia ya mbele.